Spika za ubao wazi sebuleni kwangu Dodoma

Jioni moja ya Agosti 2024 niliweka spika tupu ya inchi nane juu ya meza ya sebuleni kwangu, Ilazo, nikaiunganisha na amplifaya na kucheza rekodi ya zamani ya muziki wa dansi. Haikuwa na boksi wala fremu. Ilikuwa koni ya karatasi, sumaku na nyaya mbili tu. Magitaa ya juu yalisikika, sauti ya mwimbaji ilisikika ingawa kwa wembamba wa simu, lakini gitaa la besi lilikuwa kana kwamba mpigaji wake hakufika studio siku ile. Kisha nilichukua katoni ya mafuta ya kula, nikaikunjua ikawa bapa, nikakata katikati yake tundu la ukubwa wa koni na kuishikiza spika nyuma ya tundu hilo. Besi ikatokea. Haikuwa nyingi, ila ilikuwepo, na mtu angeweza kuifuata noti kwa noti. Nilipoiondoa katoni, besi ilipotea, nilipoirudisha, ilirudi. Nililirudia jambo hilo mara nyingi, hata mwanangu aliyekuwa darasa la sita akaacha daftari lake na kuja kuishika katoni yeye mwenyewe.

Katoni ile ndiyo spika ya ubao wazi, na mengine yote nitakayoeleza yanatokana nayo. Koni inaposogea mbele husukuma hewa iliyo mbele yake, na wakati huohuo huvuta hewa iliyo nyuma yake. Kwa hiyo kila spika hutoa mawimbi mawili yaliyo kinyume, na pasipo kitu cha kuyatenganisha, hewa iliyosukumwa mbele huzunguka ukingo wa koni na kujaza pengo la nyuma kabla haijafika sikioni. Sauti za juu hazipati hasara kubwa, kwa sababu wimbi la hezi 1,000, yaani mitetemo 1,000 kwa sekunde, lina urefu wa sentimita 34 tu, na kwake hata ukingo wa ubao mdogo ni safari ndefu. Wimbi la hezi 50, kwa upande mwingine, lina urefu wa karibu mita saba, na kwake ubao wa nusu mita ni kama haupo. Boksi hulimaliza tatizo hili kwa kulifungia wimbi la nyuma ndani. Ubao wazi hauzibi chochote. Hulirefushia wimbi la nyuma njia, kisha huliacha liingie chumbani pamoja na mwenzake.

Si ugunduzi wa jana. Chester Rice na Edward Kellogg wa kampuni ya General Electric walipoieleza spika ya koni na koili (waya uliozungushwa, unaoisukuma koni ndani ya sumaku) mwaka 1925, suala la kuitenga mbele na nyuma ya koni kwa ubao lilikuwa tayari sehemu ya kazi yao. Redio kubwa za mbao ambazo wazee wetu walikuwa nazo, zile zilizofunikwa nyuma kwa karatasi ngumu yenye matundu ili taa zake za ndani zisichemke, zilikuwa kwa hakika spika za ubao wazi zilizokunjwa pembeni, na nadhani ulaini wa sauti ya mtangazaji ambao watu wa umri wangu tunaukumbuka kutoka kwenye redio hizo ulitokana kwa sehemu na mgongo ule usiozibwa. Boksi dogo lilitawala majumbani baada ya mwaka 1954, pale Mmarekani Edgar Villchur alipotoa spika ya AR-1, ambayo ilitumia hewa iliyofungiwa ndani ya boksi kama springi ya kuirudisha koni, na hivyo ikatoa besi ya kina kutoka kwenye sanduku ambalo mtu mmoja angeweza kulibeba. Ulikuwa ushindi halali. Hata hivyo, njia ya wazi haikufa: mwaka 1957 kampuni ya Quad ya Uingereza ilianza kuuza spika bapa ya umemetuli (inayotikisa utando mwembamba badala ya koni) isiyo na boksi kabisa, na baadaye mhandisi Siegfried Linkwitz, mzaliwa wa Ujerumani aliyefanya kazi Hewlett-Packard nchini Marekani, aliitumia sehemu kubwa ya maisha yake hadi kifo chake mwaka 2018 akizichunguza na kuzitengeneza spika za namna hii. Maandishi yake ndiyo yaliyonipa ujasiri wa kuanza.

Sababu yangu ya kuanza, hata hivyo, ilikuwa chumba. Sebule yangu ina urefu wa mita sita, upana wa mita nne, na dari iko mita tatu kutoka sakafuni. Kuta ni za tofali za saruji zilizopigwa plasta na kupakwa rangi, sakafu ni vigae, dirisha kubwa ni la kioo na aluminiamu, na dari ni ya jipsamu. Nyumba nyingi zinazojengwa Dodoma siku hizi ni za aina hii, na ni nyumba nzuri za kuishi, lakini ukipiga kofi katikati ya chumba kabla samani hazijaingia utasikia chumba kikikujibu. Ndani ya chumba kama hicho nilikuwa na spika mbili za boksi za kusimama sakafuni, na kwa miaka minne niliishi na mngurumo mmoja uleule kila besi ilipogusa noti fulani. Sauti ya mwanamume aliyesoma taarifa ya habari ilitoka kana kwamba amekaa ameinamia mdomo wa mtungi. Nilihamisha spika, nikaweka zulia, nikatundika pazia zito. Mngurumo ulipungua bila kuondoka.

Hesabu yake si ngumu. Sauti hutembea karibu mita 343 kwa sekunde, na chumba huvuma pale nusu ya wimbi inapoenea sawasawa kati ya kuta mbili zinazotazamana. Kwa urefu wa mita sita mvumo huo huangukia karibu hezi 29, kwa upana wa mita nne karibu hezi 43, na kati ya sakafu na dari karibu hezi 57. Boksi, kwa masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde) ya chini namna hiyo, hutoa sauti pande zote kama taa ya chemli inavyotoa mwanga, hivyo huiamsha mivumo yote mitatu kwa pamoja. Ubao wazi hutoa sauti mbele na nyuma tu, kwa umbo la tarakimu 8, kwa kuwa pembeni mawimbi yake mawili hukutana yakiwa na nguvu sawa na kufutana. Ukiuelekeza kwa urefu wa chumba, hauna cha kuzipa kuta za kando, wala dari, zaidi ya masalio. Kwa sauti ileile inayofika masikioni pa msikilizaji aliye mbele, ubao wazi hukimwagia chumba theluthi moja tu ya nguvu ambayo chanzo cha pande zote kingekimwagia. Nilipolielewa hilo nilijua kwamba jambo hili lilikuwa na maana zaidi kwenye nyumba yangu ya saruji kuliko kwenye nyumba za mbao na mazulia za huko lilikoandikwa.

Mbao za kwanza nilizikosea. Nilizikata kwa upana wa sentimita 35 kwa sababu nilitaka zipendeze kando ya luninga, na matokeo yake yalikuwa sauti safi isiyo na mwili, ambayo ilichosha baada ya robo saa. Za pili nilizifanya kwa upana wa sentimita 60 na kimo cha sentimita 110, plaiwudi mbili nene zilizogandishwa pamoja kwa gundi na kushindiliwa usiku mzima. Nilikuwa nimetamani mninga, lakini fundi wangu wa samani alinishauri nisitumie mbao nzima ya upana ule, kwa maana ukavu wa Dodoma kati ya Juni na Oktoba huupinda ubao mpana hata uwe umekaushwa vipi. Mninga ukabaki kwenye kingo na miguu. Siku ya kufunga spika alisimama akiutazama mgongo wa ubao kwa muda.

“Mzee, huku nyuma tunaziba na nini?”

“Hatuzibi, fundi. Panabaki hivyo hivyo.”

“Sasa sauti si itatokea kote kote?”

Nilimwambia kwamba ndivyo inavyotakiwa. Hakuridhika, ila aliipiga msasa nyuma kwa uangalifu uleule alioutumia mbele, jambo ambalo nilimshukuru.

Kuzipata spika zenyewe kulikuwa kugumu kuliko kuzikata mbao. Wufa, yaani spika kubwa za besi, nyingi zinazouzwa kwa ajili ya magari na kumbi zina sumaku kali inayoibana koni, na zimetengenezwa zikitegemea msaada wa boksi. Ukizifunga kwenye ubao wazi besi yake huisha mapema. Zinazofaa ni zile ambazo kipimo chao kinachoitwa Qts kinakaribia 0.7 au kuzidi, yaani koni inayoachiwa uhuru zaidi kuzunguka mlio wake wa asili. Nilipanda treni ya SGR hadi Dar es Salaam na kuzunguka Kariakoo siku nzima nikiuliza kipimo hicho, na maduka mengi hayakuwa na karatasi za vipimo. Duka moja liliniuzia wufa mbili za inchi 15, ambazo moja yake, nilipoifikisha nyumbani na kuisukuma koni taratibu kwa vidole, koili yake ilikuwa inakwaruza ndani ya sumaku. Hawakukubali kuibadilisha. Tangu hapo sinunui wufa kabla sijaisukuma koni yake kwa mkono na kusikiliza kwa sikio lililo karibu.

Sasa kila ubao una wufa ya inchi 15 karibu na sakafu na spika ya inchi nane juu, usawa wa sikio la mtu aliyekaa. Ile ya juu sikuiweka katikati kamili; nimeisogeza kidogo upande mmoja ili umbali wake hadi kingo usilingane, maana kingo zikilingana, kasoro zote za ukingo hurundikana kwenye masafa mamoja.

Rekodi ya kwanza niliyoicheza baada ya kila kitu kukamilika ilikuwa ya Hukwe Zawose, Mgogo wa hapa kwetu, aliyezaliwa mwaka 1938 na kufariki mwaka 2003, ambaye sauti yake na ilimba yake zilisikika hadi Ulaya. Ilimba ni chombo kinachoisumbua spika vibaya. Kila ulimi wa chuma unapokwanyuliwa hutoa mgongano mdogo wa kwanza, kisha noti yenyewe, kisha uvumi mwembamba unaoning’inia juu ya noti zinazofuata, na kwenye spika zangu za boksi mambo hayo matatu yalikuwa yakifungamana kuwa kitu kimoja chenye ukungu. Kwenye ubao wazi yaliachana. Nilisikia kidole kikiuacha ulimi, na nilisikia uvumi ukiisha wakati kidole kingine kimeshapita. Naamini sababu yake kubwa ni kwamba hakuna wimbi lililofungiwa ndani linalogonga ukuta wa boksi na kurudi kupitia karatasi nyembamba ya koni likiwa limechelewa, na hakuna mbavu za sanduku zinazotetemeka na kuongeza sauti yake kwenye sauti ya mwanamuziki.

Miezi michache baadaye mjomba wangu alikuja kutoka Mvumi na kulala kwetu siku mbili. Jioni nilimwekea rekodi za kwaya na ngoma za muheme, ngoma ambayo amekulia akiwaona mama zake wakiipiga. Alikaa kimya nyimbo mbili, kisha akainuka, akazunguka nyuma ya ubao wa kushoto na kuuweka mkono wazi karibu na mgongo wa wufa.

“Huku nyuma nako kunaimba,” alisema.

“Ndiyo, mjomba. Kunaimba sawa na mbele.”

“Lakini watu wenyewe wamesimama pale,” akaonyesha ukuta uliokuwa mtupu katikati ya mbao mbili, hatua kama mbili nyuma yake.

Sijaweza kulieleza jambo hili vizuri kuliko alivyolieleza yeye. Wimbi la nyuma hugonga ukuta na kurudi likiwa limechelewa, na likichelewa vya kutosha, sikio halilichanganyi na sauti ya kwanza bali hulisoma kama nafasi, kama kina cha mahali wanaposimama waimbaji. Mbao zangu ziko sentimita 110 kutoka ukutani, hivyo wimbi hilo husafiri zaidi ya mita mbili za ziada na kuchelewa zaidi ya milisekunde sita. Nilipozijaribu kwenye sentimita 40, kina kilitoweka, kwaya ilibanwa kama picha iliyobandikwa ukutani, na sauti za kiume zilipoteza sehemu ya uzito wake.

Hapo ndipo gharama inapoanzia, kwa sababu sentimita 110 za sebule yenye urefu wa mita sita si kitu kidogo. Mke wangu aliniuliza, na lilikuwa swali la haki, kama tulijenga sebule kwa ajili ya watu au kwa ajili ya ukuta. Meza ya chakula iko ubavuni mwa ubao wa kulia, mahali ambapo umbo la 8 lina kiuno chake, na mtu anayekula pale husikia muziki uliopauka. Kwa anayetaka kuzungumza na simu akiwa mezani hiyo ni neema, lakini kwa familia inayotaka kusikiliza pamoja ikiwa imetawanyika chumbani ni upungufu wa kweli. Spika hizi zinamtaka msikilizaji akae mahali pake.

Upungufu mkubwa zaidi ni besi, na sipendi kuupunguza kwa maneno. Kwa ubao wa upana wangu, sauti huanza kufifia chini ya hezi 190 hivi, na hufifia kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) sita kila masafa yanapopungua kwa nusu. Karibu na hezi 95 nimeshapoteza sita. Karibu na hezi 48 nimepoteza 12. Unaweza kuzirudisha kwa ekwalaiza, lakini kila desibeli sita zinadai nguvu ya amplifaya mara nne, na kumi na mbili zinadai mara kumi na sita, huku koni ikilazimika kusafiri mbele na nyuma mara nane zaidi kwa kila nusu ya masafa unayoshuka, wakati ndani ya boksi lililofungwa ingedai mara nne tu. Ndiyo sababu wufa ni kubwa, na ndiyo sababu hata hizo kubwa zina kikomo. Kijana wa jirani aliyezoea sabufa aliniletea muziki wake wa singeli, tukaongeza sauti, na koni za inchi 15 zikaanza kugota. Nilipunguza mara moja. Mtu ambaye furaha yake ya muziki iko kwenye besi inayotikisa kifua asifuate njia hii; atatumia fedha nyingi na hatapata anachokitafuta.

Nimejaribu pia kuongeza sabufa ya boksi chini ya hezi 60. Besi iliongezeka, na pamoja nayo ukarudi mngurumo nilioukimbia, kwa kuwa sabufa ile iliiamsha mivumo ya chumba kama zamani. Kuna watu wanaofaulu kuzioanisha kwa vipimo na uvumilivu. Mimi niliirudisha sabufa stoo. Ninachokipata bila yake ni besi chache, lakini unasikia ngozi ya ngoma ikipigwa na unasikia ikinyamaza.

Lipo na suala la vumbi, ambalo waandishi wa Ulaya na Marekani sikuwaona wakilitaja. Kuanzia Julai upepo wa Dodoma hupeperusha vumbi laini jekundu linalopita hata pembeni ya madirisha yaliyofungwa, na boksi huikinga sehemu nyeti ya spika, yaani kile kitambaa kilichokunjwakunjwa kinachoishikilia koili na mwanya mwembamba wa sumaku. Ubao wazi huyaacha yote hayo hadharani. Mwezi Septemba wa kwanza nilipitisha brashi laini ya rangi nyuma ya wufa na ikatoka nyekundu. Sasa nimefunika migongo ya mbao kwa chandarua kilichovutwa kwenye fremu ya fito, kwa kuwa kinapitisha hewa bila kuizuia sauti, kinazuia vidole vya watoto wadogo na mijusi, na kinaweza kufuliwa kila mwisho wa mwezi. Kwa vumbi laini kabisa hakitoshi, kwa hiyo brashi bado ina kazi.

Kwa msikilizaji wa sauti za watu, kwaya, taarabu, zeze, ilimba, magitaa ya bendi za zamani na mahubiri, mwenye chumba kigumu cha saruji na nafasi ya kuzivuta mbao mbali na ukuta, sijui njia nyingine ya bei ya fundi wa mtaani inayofika hapa. Zangu sitazirudishia boksi. Wakija wageni wengi tunazisukuma ukutani ili viti vienee, nami nimebandika vipande viwili vya utepe mweupe sakafuni, kwenye maungio ya vigae, kuonyesha zinaporudi. Juzi, baada ya kikao cha ndugu, nilitoka kuwasindikiza wageni hadi barabarani, na niliporudi nikamkuta mwanangu amepiga magoti nyuma ya ubao wa kushoto, futi kamba mkononi, akiusogeza mbali na ukuta kidogo kidogo hadi kipimo kikasoma 110.